Ndoana Mpya Kwenye Boti ya Nahodha

Kiwiko cha Nahodha kilimpasua mdomo Muuguzi Jumamosi moja saa mbili asubuhi, gatini, katikati ya msongamano wa familia zilizokuwa zikisubiri boti. Hakikukusudiwa yeye. Mwanamke yule alikuwa ameshamtia Kidevu kofi moja na alikuwa anarudisha mkono nyuma amwongeze la pili. Muuguzi wa watu ndiye aliyekuwa amesimama hapo nyuma na wapwa zake wawili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kama anakwenda kupokea cheti.

Kidevu alistahili lile kofi, tusidanganyane. Alikuwa wakala wa boti ya jirani, mdomo mkubwa, kutwa na kipaza sauti mkononi, na asubuhi ile alikuwa amemshika mkono mama mmoja aliyekwisha kuweka nafasi kwa Nahodha, akawa anamburura yeye na watoto wake kwenda upande wa pili. Nahodha hakuuliza maswali. Alikuwa na suruali ya buluu iliyokunjwa hadi magotini, shati la kiume lililokatwa mikono na kilemba chekundu, na mkono wake ulikuwa umezoea kuvuta nanga.

"Pole," alimwambia Muuguzi alipogeuka akaona damu kwenye shati. "Lakini na wewe. Nani alikutuma usimame nyuma ya mtu anayepiga?"

"Sikujua kuna foleni," Muuguzi akajibu, mdomo umeshaanza kuvimba.

Nahodha akacheka. Akamwosha mdomo kwa maji ya kunywa, akampandisha botini na wapwa zake, akamweka karibu na usukani ili eti amwangalie asizimie. Waliporudi saa saba, watoto walikuwa wamevua samaki kumi na mmoja, mjomba wao hajavua hata mmoja, na alikuwa amekufa ameoza kwa mwanamke yule.

Boti ya Nahodha ilikuwa ya familia. Haikwenda mbali. Ilizunguka upande wa ndani wa mwamba, kwenye maji ya uvuguvugu yanayomfika mtu mzima kifuani, na watoto wakavua changu na tasi kwa fimbo fupi nane zilizopangwa ukingoni. Kaka yake, aliyeitwa Bonge tangu shule ya msingi na bado alistahili jina hilo, ndiye aliyefunga chambo na kuwavisha abiria majaketi ya maboya. Ndugu hao wawili walikuwa na kanuni moja ambayo boti nyingine hazikuwa nayo. Kila ndoana ilibanwa kwanza kwa koleo, kile kijino cha nyuma kinachozuia ndoana isichomoke kikalazwa kabisa. Samaki wengi walitoroka kwa sababu hiyo, lakini mtoto akichomwa, ndoana ilitoka kama ilivyoingia: unakandamiza shingo ya ndoana, unaizungushia kipande cha mshipi wa kuvulia, unavuta mara moja kwa nguvu, basi. Nahodha alikuwa ameshachomoa ndoana vidoleni, masikioni, na kwenye tako la mwalimu mkuu mmoja, na hakuna aliyelia zaidi ya dakika moja. Habari hii ya kijino Muuguzi hakuwahi kuambiwa. Kwa ndugu wale, kumweleza mtu jambo hilo kulikuwa sawa na kumweleza kwamba wali hupikwa.

Mapenzi yakaanza, na yalikuwa ya simu zaidi kuliko ya kuonana, maana mmoja alikuwa majini na mwingine hospitalini.

"Dokta, umekula?"

"Mimi ni muuguzi, Bosi."

"Sijauliza cheo, nimeuliza tumbo."

"Sijala. Nimeshona watu wanne tangu asubuhi."

"Njoo gatini basi, nikushone mimi."

Miezi mitatu wakaenda hivyo. Bonge alimwangalia Muuguzi kwa jicho la pembeni miezi yote mitatu, kisha siku moja akamwambia kwa upole kabisa kwamba dada yake akilia, atamvunja mifupa kuanzia ya chini kwenda juu. Muuguzi akasema sawa, shemeji. Alijua si utani.

Sasa, mtu akipenda hutafuta pa kuonekana. Muuguzi alikuwa ameona ndoana za mpenzi wake zimeanza kushika kutu. Ijumaa moja alasiri, Nahodha ameenda kununua mafuta na Bonge yuko nyumbani, alipanda botini na pakiti ya ndoana mpya zinazong'aa, akakata zile za zamani zote nane, akafunga zake kwa mafundo yale yale anayofungia nyuzi za vidonda. Hakumwambia mtu. Alitaka kesho asubuhi Nahodha azione mwenyewe, ajiulize ni nani, apige simu.

Asubuhi Nahodha aliziona, akadhani kaka yake amebadilisha. Kaka yake aliziona, akadhani ni dada. Kila mmoja akaamini mwenzake ameshapitisha koleo, na abiria walikuwa wanapanda. Tena jana yake hiyo hiyo Kidevu alikuwa amegombana na Nahodha kwa ajili ya mahali pa kufunga boti, akapiga kelele kwenye kipaza sauti chake, gati zima likisikia, kwamba safari hii mwanamke huyo atarudi na damu.

Saa nne hivi, mvulana mmoja alirusha fimbo bila kutazama nyuma, na ndoana ikaingia kwenye shavu la binamu yake, binti wa miaka sita, chini kidogo ya jicho. Nahodha akaja anatabasamu, ndivyo alivyowatuliza watoto. Akamwambia binti wahesabu pamoja hadi tatu. Akakandamiza, akazungusha mshipi, na walipofika mbili akavuta kwa nguvu zake zote. Kijino kikang'ang'ania nyama. Shavu likachanika hadi karibu na mdomo.

Baba wa binti alimpiga Nahodha ngumi ya jicho, akampiga nyingine tumboni, akamshika kilemba na kumgongesha kichwa ukingoni mwa boti. Nahodha hakujikinga. Bonge alimdaka yule baba akamtupa majini na jaketi lake, kisha akamvuta tena juu, maana angemfanya nini, ni baba wa mtoto. Boti nzima ilikuwa inalia. Walirudi gatini kwa mwendo ambao mashine ile haikuwahi kwenda.

Muuguzi alikuwa zamu. Tangu saa mbili alikuwa na simu mfukoni akisubiri kushukuriwa, na alichopata ni mtoto mikononi mwa baba yake. Alimshona nyuzi kumi na moja, mkono umetulia kama kawaida. Alipomaliza akatoka hadi ukumbini, na Nahodha, jicho moja limefumba kwa uvimbe, akamwonyesha ndoana kwenye kiganja.

"Kuna mtu ameingia botini kwangu," akasema. "Hii ina kijino. Ndoana zangu hazina kijino, tunavilaza vyote. Mimi nimevuta nikijua hakipo. Mimi ndiye nimemchana yule mtoto."

Muuguzi aliangalia fundo lililobaki kwenye ndoana. Lilikuwa lake.

"Ni Kidevu," Bonge akasema kando ya dada yake.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sitamtetea, neno moja tu lilitosha, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliuona uso wa Nahodha, ulivyomgeukia yeye kana kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani, akaogopa usije ukageuka upande mwingine. Akasema ngoja akanawe mikono. Aliporudi, ndugu wale walikuwa wameshaondoka.

Walimkuta Kidevu anakunywa chai kwenye kibanda cha tiketi. Nahodha alimpiga kwanza, ngumi ya mdomo, kikombe kikapasuka. Kidevu akauliza nimefanya nini, akaulizwa tena unauliza nini, na Bonge akamshukia na kasia. Alimpiga mgongoni, akampiga mkono aliouinua kujikinga, ukavunjika, na pigo la tatu likatua usoni. Watu wa gatini walichelewa kuingilia. Wengi walikuwa wameshasikia habari ya mtoto, na baadhi walisema mwache apigwe.

Kwa hiyo saa saba mchana Muuguzi aliletewa Kidevu. Alimfunga mkono, akamshona nyusi na mdomo, na alipofungua kope la jicho la kushoto akalifunga tena taratibu. Halikuwa jicho tena. Kidevu, ambaye hakuwahi kunyamaza maishani mwake, alisema jambo moja tu, kwamba yeye hajagusa boti ya mtu.

"Najua," Muuguzi akamjibu kwa sauti ya chini, na Kidevu akadhani anabembelezwa.

Bonge akalala mahabusu. Kibali cha Nahodha cha kubeba abiria kikasimamishwa. Jumatatu askari alikuja wodini na daftari kumwambia Kidevu kwamba akipona atashtakiwa kwa kumjeruhi mtoto, kwa kuwa watu wengi walisikia alivyotishia. Muuguzi alikuwa amesimama pale pale anabadilisha bandeji. Mkasi ukamdondoka.

Simu ya Nahodha ilikuwa imemwita mara kumi na nne tangu Jumamosi. Safari hii akapokea.

"Kumbe u hai," Nahodha akasema. "Niambie tu umenichoka. Umeona mwanamke anayevunja watu, umekumbuka una mama nyumbani. Sema, sitakufuata na kasia."

"Njoo wodini."

"Kuna nini huko?"

"Njoo, mpenzi. Nikisema kwenye simu nitasema nusu."

Alikuja amevaa gauni la kahawia la kwendea ofisini, maana alikuwa ametoka kuomba kibali chake, na kidonda kipya kilikuwa kimechomoza pembezoni mwa kilemba. Alipoona anapelekwa kwenye kitanda cha Kidevu akasimama. Muuguzi akamwomba asogee, kwa sababu alitaka kulisema mara moja na wote wawili walisikie.

"Ndoana nilifunga mimi," akasema. "Ijumaa alasiri. Nilinunua mpya nikupe kama zawadi. Sikujua habari ya kijino. Lakini Jumamosi pale ukumbini ulinionyesha, nikalijua fundo langu, na nikanyamaza. Huyu hajafanya kitu."

Nahodha alimpiga. Alimpiga kofi, akampiga tena, akaendelea kumpiga kifuani kwa ngumi zote mbili hadi akamwegemeza kwenye kabati la dawa, chupa zikaanguka, na muda wote huo alikuwa analia kwa sauti. Muuguzi hakuinua mkono. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitazama tu.

"Ulinawa mikono," Nahodha akasema alipochoka. "Mimi nakwenda kumtoa mtu jicho, wewe unanawa mikono."

"Niliogopa kukukosa."

"Ungenikosa mimi. Huyu amekosa jicho."

Kidevu akasafisha koo. "Na mimi nilisema atarudi na damu," akasema polepole, mdomo umejaa nyuzi. "Yale ni maneno tu. Nawaambia watu wote hivyo. Hata mke wangu namwambia."

Muuguzi akainama kuokota chupa zilizoanguka.

Muuguzi alikwenda kituo cha polisi mchana huo na pakiti yenye ndoana zilizobaki. Nahodha naye akaenda, bila kukubaliana naye, akaandikisha kwamba ngumi ya kwanza ilikuwa yake. Kidevu alifutiwa shauri. Alipoulizwa kama anataka kuendelea na la kwake dhidi ya ndugu wale, aliomba siku tatu za kufikiri, kisha akasema atalifuta kwa sharti moja tu: wasimame gatini Jumamosi, saa mbili, watu wakiwa wamejaa, waseme. Bonge akatolewa Ijumaa. Alimkuta Muuguzi anamsubiri langoni, akamvunja pua kwa kichwa, akapita kwenda zake.

Jumamosi kulikuwa na watu tele. Kidevu alikuja na bandeji jichoni na mkono kifuani, akamkabidhi Nahodha kile kipaza sauti chake mwenyewe. Nahodha akaeleza yote. Alisema yeye ndiye aliyemchana mtoto, na yeye na kaka yake ndio waliompofua jicho mtu asiye na kosa. Kisha Muuguzi, uso wake umevimba kama andazi, akasema na lake. Familia zilizokuwa zikisubiri boti zilisikiliza, nyingine zikaondoka na watoto wao.

Walipobaki wachache, wale wawili walisimama pembeni, karibu na Kidevu kuliko walivyodhani.

"Mkono uliopiga ndio huu," Nahodha akasema. "Umeuona unavyofanya kazi. Bado unautaka?"

"Nautaka."

"Mimi sijakusamehe."

"Najua. Na mimi sijajisamehe."

"Ukinificha kitu tena nitakuua, Dokta. Sikutanii."

"Sitakuficha. Nioe nikuoe, vyovyote unavyotaka, lakini tusiachane na jambo hili kila mtu peke yake."

Nahodha alimtazama ile pua. Akanyoosha kidole, akaigusa pale ilipopinda, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na macho ya Muuguzi yakajaa machozi. Akasema basi aje kwao Jumapili, apose kwa mama, na aje na shati safi.

Kidevu alikuwa amesikia yote. Alichukua kipaza sauti chake kilipokuwa kimewekwa, akakifunga kamba begani kwa mkono ule mmoja.

"Harusi yenu," akasema, "mimi msinialike."

Nahodha akasema sawa, na hawakumwalika.