Fundi Apimwa kwa Futi Yake

Kila siku, saa saba mchana, dirisha la ghorofa ya nne lilifunguka na kikapu kikashuka kwa kamba.

Kikapu kilikuwa cha Mama Pacha. Chini, mlangoni mwa duka la kushona nguo, mumewe alikisubiri. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Ndani ya kikapu mlikuwa na bakuli la wali lililofurika, viazi vya kukaanga, nyama ya kukaanga na chupa ya soda. Fundi alikula palepale kwenye cherehani, bila kunyanyuka. Akimaliza, alivuta kamba mara mbili. Maana yake, niongezee.

"Umeshiba, Baba Pacha?" Mama Pacha aliuliza kutoka juu.

"Nusu!" Fundi alijibu, na wapita njia wakacheka.

Usifikiri mama huyu alikuwa na nia mbaya. Hata kidogo! Alimpenda mumewe kupita kiasi. Pacha wao wawili walikuwa wameshaoa na kuhama, lakini yeye bado alipika chakula cha watu wanne. Mkono wake ulikuwa haujajifunza kupunguza. Fungu la watoto likawa la Fundi, na Fundi hakuwa mtu wa kukataa. Bakuli likirudi juu tupu, Mama Pacha alitulia moyo.

Kikapu chenyewe kilianza mwaka uliopita. Nyumba ile haikuwa na lifti. Zamani Fundi alipanda ngazi kwenda kula, kisha akarudi kazini. Baadaye akaanza kupumzika ghorofa ya pili. Baadaye tena, kila ghorofa. Siku moja akafika mlangoni anahema, akasema, "Mke wangu, ngazi hizi zimeongezeka." Mama Pacha akamwonea huruma. Akatafuta kamba.

Jumamosi moja Mama Pacha alikuwa anafua. Akaigeuza suruali ya kijivu ya mumewe. Kiunoni, kwa ndani, akaona kipande cha kitambaa kilichoongezwa. Pembeni yake palikuwa na kingine. Na kingine tena. Vipande vitatu, kila kimoja na kitambaa chake, vimeshonwa kwa ustadi hata kwa nje huoni kitu. Akachukua suruali ya pili. Nayo hivyo hivyo.

"Makubwa haya!" alisema peke yake.

Sikia sasa. Mimi na wewe tukinenepa, suruali hutuambia. Inagoma kufunga. Fundi hakuipa suruali yake nafasi ya kusema. Kila ilipombana, aliifumua, akaiongeza, maisha yakaendelea. Kwa miaka minne hakujua ameongezeka, kwa sababu nguo zake zote zilimtosha.

Mama Pacha aliketi kando ya beseni. Alikumbuka jinsi mumewe anavyohema. Alikumbuka anavyolalamika kichwa kila asubuhi. Hofu ikamwingia. Alikuwa na mtu huyu tangu ujana wao. Hakujua kuishi bila yeye, na hakutaka kujifunza.

Jumatatu, nesi wa kliniki ya mtaa alikuja dukani kupimwa sare mpya. Mama Pacha alipomwona kutoka dirishani, alishuka mbio na suruali mkononi.

"Nesi, mwanangu, hebu itazame hii. Halafu nitazamie na mwenyewe."

"Mama Pacha!" Fundi alishtuka. "Unanianika mbele ya mteja?"

Nesi alivitazama vile vipande. Alianza kucheka, kisha akaacha.

"Fundi, unapima watu wangapi kwa siku?"

"Kumi. Siku nyingine kumi na watano."

"Na wewe ulipimwa lini?"

Fundi akakuna kichwa.

Nesi aliichukua futi shingoni mwa Fundi. "Simama wima, baba." Akampima kuanzia unyayoni hadi utosini. "Sentimita mia moja na sabini. Nusu yake ngapi?"

"Themanini na tano," Fundi alijibu haraka. Kwa hesabu za nguo humwezi.

"Sasa nisikilize. Kiuno cha mtu mzima kisifike nusu ya urefu wake. Kikizidi, mara nyingi maana yake mafuta yamejaa tumboni. Hayo yanasumbua moyo. Yanachangia presha na kisukari."

Akaizungusha futi tumboni. Fundi akavuta tumbo ndani.

"Usilivute! Wateja wakivuta tumbo unawaambiaje?"

"Nawaambia waache uongo."

"Basi acha uongo."

Fundi akaliachia. Futi ikasoma sentimita mia moja na nane.

Fundi alikuwa mbishi. Alibishana na majirani, na redio, na hata mvua. Lakini hakuwahi kubishana na futi. Alikaa chini taratibu, na siku hiyohiyo wakaenda kliniki.

Presha ilikuwa mia moja arobaini na nane kwa tisini na nne. Sukari nayo ilikuwa juu kidogo. Daktari alisema wazi.

"Leo sikuandikii dawa. Badilisha chakula, fanya mazoezi, na uje kupimwa kila mwezi. Baada ya miezi mitatu, presha isiposhuka, utaanza dawa, na utaimeza. Dawa si adui yako. Adui ni kiharusi. Kinaweza kukuachia mkono usioshika sindano."

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia.   Njiani kurudi Mama Pacha alikuwa anajiuliza moyoni, kama kosa ni chakula, mpishi si ni mimi?

Jioni Nesi alipita nyumbani kwao. Akaomba sahani tupu, akaiweka mezani.

"Nusu hii ni ya mboga," alisema, akichora kwa kidole. "Mboga za majani, karoti, nyanya, kabichi, chochote kilichopo sokoni. Robo hii ni ya wali au viazi. Robo iliyobaki ni ya maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko, usimimine kwa chupa. Chumvi punguza. Soda iwe maji. Ukitaka kitamu, kula tunda."

"Na mazoezi?" Fundi aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. "Mimi siwezi kukimbia."

"Nani kasema ukimbie? Utatembea. Anza na dakika kumi. Kila wiki ongeza tano, mpaka ufike thelathini, siku tano kwa wiki. Tembea kwa kasi ya kukuwezesha kuzungumza, lakini si kuimba."

"Mimi hata nikikaa siwezi kuimba."

"Hilo majirani wanalijua," Mama Pacha alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote walicheka.

"Kila nusu saa nyanyuka kwenye cherehani, ujinyooshe," Nesi aliendelea. "Ngazi nazo ni mazoezi. Panda polepole, pumzika ukichoka. Kifua kikiuma, au ukisikia kizunguzungu, simama na utafute msaada mara moja. Usijikaze kwa hilo."

Halafu akamgeukia Mama Pacha. "Na kile kikapu, mama?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa.

Kesho yake, saa saba mchana, dirisha lilifunguka. Kikapu hakikushuka.

"Mama Pacha! Chakula!"

"Kiko mezani! Njoo!"

"Nina njaa!"

"Ndiyo maana nakuita!"

Fundi alianza kupanda. Mama Pacha alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, anasikiliza. Ghorofa ya kwanza, mumewe alipumzika. Ya pili, alipumzika tena. Ya tatu, alikaa kabisa kwenye ngazi. Mama Pacha alitaka kumpelekea bakuli palepale. Machozi yalimlengalenga. "Jikaze kisabuni, mwanamke," alijiambia, na hakufungua.

Fundi aliingia jasho likimtoka. Akaitazama sahani.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Mimi nilidhani tumefuga mbuzi."

Lakini alikula, maana njaa haikumpa nafasi ya kubisha.

Wiki mbili zikapita. Uzito haukushuka hata robo kilo. Nesi alipokuja jikoni akakuta sufuria mbili. Moja ina mboga na maharage. Ya pili ina viazi vinavyoogelea kwenye mafuta.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Pacha. "Mgonjwa si yeye? Mimi nakula chakula changu cha siku zote."

"Na kijiko hiki kirefu pembeni?"

Fundi aliangalia dari. "Naonja tu."

"Kwa mwiko?"

Nesi akavuta kiti. "Mama, chakula hiki si adhabu ya Fundi. Ni chakula cha nyumba. Wewe ukila kingine, yeye atakitamani kila siku, na wewe presha itakufuata. Pika sufuria moja, ya watu wawili. Na wewe je, unatembea?"

"Mimi? Jiko nimwachie nani?"

"Lizime."

Basi Mama Pacha akalizima. Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili kwenye uwanja wa mpira wa shule, kabla ya kufungua duka. Mwanzoni aliona haya. Alidhani kila mtu anamwangalia viatu. Siku ya nne alisahau haya, kwa sababu walikuwa wanabishana juu ya jina la mwalimu wao wa zamani. Siku ya kumi Fundi alimsimulia jambo lililomchekesha hadi akashika mbavu na kusimama. Kumbe mume wake alikuwa na hadithi nyingi hivyo! Mwaka mzima walikuwa wanazungumza kwa kamba.

Si kwamba mambo yalinyooka tu. Kuna wiki mvua ilinyesha siku nne, hawakutoka. Siku ya tano Fundi akanunua soda mbili, akazimaliza zote. Alikwenda mwenyewe kwa Nesi kukiri, uso umemshuka.

"Umekosa wiki moja, hujakosa maisha," Nesi alimwambia. "Kesho endelea ulipoachia."

Akaendelea. Mwezi wa kwanza presha ilisoma mia moja arobaini na tatu. Wa pili, mia moja thelathini na sita. Maumivu ya kichwa ya asubuhi nayo yalikuwa yameacha kuja. Mwezi wa tatu Mama Pacha alisema, "Leo naenda na wewe."

Benchi la kliniki lilijaa watu. Nesi alimfunga Fundi mashine mkononi. Fundi aliukodolea macho ukuta. Mama Pacha alifumba yake.

"Mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili," alisema Nesi. "Sukari imerudi pazuri. Kiuno ni mia moja na moja. Safari bado ipo, usibweteke. Lakini kwa namba hizi, daktari hataona haja ya dawa."

Fundi aligeuka kwa furaha. Akamkuta mkewe analia.

"Mke wangu! Imeshuka, unalia nini?"

"Najua imeshuka! Masikio ninayo!" Mama Pacha alijifuta kwa kiganja. "Miaka yote nilikuwa nakujazia bakuli kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukuambia. Niliona nikikupunguzia chakula, utadhani nimepunguza mapenzi. Kumbe nilikuwa nakupoteza, kijiko kwa kijiko."

Fundi alimshika mkono. 

"Basi siku hizi niambie kwa mdomo," akasema.

"Hapa?"

"Hapa."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ni wagonjwa, Mama Pacha. Itawasaidia."

Mama Pacha aliwatazama watu wa benchi, na wao wakamtazama. Akavuta pumzi. "Nakupenda, Baba Pacha," alisema kwa sauti, na hata daktari alichungulia mlangoni.

Benchi zima likapiga makofi. Fundi, aliyewahi kubishana na mvua, alificha uso kwa haya. Nesi aliinama kumfungua mashine mkononi.

"Fungua haraka, mwanangu," Fundi alinong'ona. "Ukinipima sasa hivi, nitaanza dawa leo."