Taa Iliyojiwasha Yenyewe

Kila jioni Chiriku alirudi kutoka shuleni, akaosha vyombo, kisha akaketi mbele ya taa yake kuingoja iwake. Jina hilo la utani alipewa kwa kupenda maneno. Lakini tangu mama yake ahamie mji mwingine kushona nguo kiwandani, maneno yalimwishia. Nyumba ilibaki na yeye na bibi yake tu, naye akawa mpweke.

Taa hiyo aliitengeneza mwenyewe katika klabu ya sanaa na kompyuta. Zilikuwa mbili, pacha. Vifuniko vyake vya karatasi alivitoboatoboa ili mwanga uchore maua ukutani. Ndani aliweka kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, iliyounganishwa na intaneti. Ukigusa taa moja, mwenzake huwaka, hata akiwa mbali vipi. Pacha mmoja alimtumia mama.

Lakini wapi! Taa haikuwaka. Mama alieleza kwa simu kwamba intaneti ya bwenini kwao imeharibika, wavute subira. Bibi naye kila jioni aliuliza kama mama ameshawasalimu. Chiriku alichoka kujibu hapana. Akafuta programu ya zamani, akaandika nyingine fupi: jioni ikifika, taa ijiwashe yenyewe.

Maua yalipotokea ukutani, bibi alilengwalengwa na machozi. Aliishika taa kwa mikono miwili akamsimulia mwanawe habari zote, kuanzia goti linalomsumbua hadi jirani aliyejifungua. Tangu hapo hakulala kabla ya kuisubiri. Chiriku alikaa kando yake, mpweke kuliko mwanzo, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua kwamba hakuna mtu upande wa pili.

Jumapili moja asubuhi mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mwanangu, nimewakosea nini? Intaneti ilishatengenezwa zamani. Kila nikitoka kazini naigusa taa, nangoja, hamnijibu."

Kumbe programu mpya ya Chiriku haikupokea wala kutuma chochote! Mama alikuwa akibisha hodi kila siku, na yeye ndiye aliyeziba masikio ya taa. Alilia, akamwambia mama ukweli wote, bibi akisikia. Jioni hiyo bibi alikwenda kulala bila kuisubiri taa.

Kesho yake mwalimu wa kompyuta alimsaidia kurudisha programu ya zamani. Jioni ilipita, giza likaingia, ndipo maua yakatokea ukutani. Bibi alinyoosha mkono, akasita.

"Huyu ni mama yako, au ni wewe?"

"Ni mama, bibi. Kweli."

"Mjukuu wangu, taa isipowaka nitajua mama yako yuko kazini, nami nitangoja. Kungoja nakuweza. Lakini ukinidanganya, hata ikiwaka sitajua kama kuna mtu."

Kisha akaushika mkono wa Chiriku, akauweka juu ya taa pamoja na wake.