Sarafu Yenye Kadi

Saa 4:15 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kuchonga funguo kilinuka grisi. Kipara, mkubwa wa genge, alichora nyumba ya wanaakiolojia kwa chaki sakafuni.

"Saa saba wote wanapeleka wageni kwenye shimo la uchimbaji. Anabaki mlinzi getini. Fundi, unapita dirisha la nyuma. Kabati la chuma, droo ya tatu. Sarafu ya fedha, ndogo kama ukucha, ya miaka mia saba."

"Imeshaandikwa?" Fundi aliuliza. "Ikipigwa picha na kupewa namba, hakuna atakayeinunua."

"Bado," alidakia Shemeji, kaka wa mke wa Fundi. "Wataiandika kesho. Si mimi ndiye dereva wao?"

Saa 7:12 mchana.

Kufuli la kabati lilikuwa kaidi. Waya wa kwanza ukakatika. Wa pili ukapinda. Fundi akalitukana kufuli, akamtukana aliyelitengeneza, akajitukana mwenyewe. Kazi ya dakika mbili ikala tisa.

Droo ikafunguka. Sarafu ilikuwa kwenye kifuko, na kadi: namba, uzito, picha mbili, tarehe ya wiki iliyopita. Chini, aliyeisafirisha kutoka shimoni ametia saini. Saini ya Shemeji, ileile aliyoitia kwenye cheti cha ndoa ya Fundi, kama shahidi.

Fundi aliuma meno. Shemeji alishajigamba kwa Kipara kuhusu sarafu; ilipoandikwa, akaogopa kurudi nyuma. Fundi akaiacha sarafu palepale. Kuiba kisichouzika ni kutwanga maji.

Saa 7:26.

"Iko wapi?" Kipara aliuliza kabla mlango wa gari haujafungwa.

"Nimeiacha. Ina kadi. Iliandikwa wiki iliyopita."

Kipara alimgeukia dereva. "Ulisema haijaandikwa."

Shemeji alikaza macho kwenye usukani. "Haijaandikwa. Ameificha huyo. Mpekue."

"Shemeji! Saini yako nimeiona!"

Ngumi ikampata mdomoni. Kipara akampekua mifuko, soksi, mpaka chini ya ulimi. Hakupata kitu, na hasira zikampanda zaidi.

"Umeimeza, mwizi wewe!"

Filimbi ya mlinzi ikalia. Teke moja la Kipara, Fundi akaanguka nje barabarani, kifundo cha mguu kikateguka. Akajiinua, akashika ukingo wa dirisha la dereva.

"Utamwambia nini dada yako?"

Shemeji alimbandua vidole, kimoja kimoja, akaingiza gia.