Bakuli la Kijani la Mwana Hidaya

Zama zile dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita pwani na Mreno hajajulikana hata kwa jina, mji wa Shungi ulikuwa umezingirwa, sasa ni mwezi wa tatu. Nje ya ukuta walikaa watu wa Kitoka na mikuki yao. Ndani walikaa watu wa Shungi na njaa yao. Malango yalitiwa makomeo. Hata paka walitembea kwa adabu, maana walishawaona wenzao wakitazamwa kwa macho ya mchuzi.

Aliyenaswa kuliko wote ni Shakombo, muuza vyombo. Kabla ya vita alimwuzia malkia, Mwana Hidaya, bakuli la kaure ya Uchina, kijani kama ndizi mbichi. Bakuli lilijiuza lenyewe, lakini ulimi wa Shakombo haukujua kukaa bure. "Likitiwa sumu, Mwana, hupasuka," aliapa. Maneno hayo aliyaokota kwa mabaharia.

Adhuhuri moja Mishi, mpishi wa malkia na dada wa Shakombo tumbo moja, alimimina mchuzi wa kunde ukitokota ndani ya bakuli lile. Ti! Ufa mwembamba kama unywele ukapita kwenye mng'aro wa kijani.

Waziri Muhidini akachomoa jambia. "Sumu! Kitoka wamemnunua mpishi!"

Mishi akapigishwa magoti, mwiko ungali mkononi. Shakombo akaburutwa hadi ukumbini, kilemba kimemfungukia shingoni.

"Ulituambia nini juu ya bakuli hili?" akauliza Mwana Hidaya, taratibu.

Shakombo akisema bakuli ni la kweli, dada yake anachinjwa. Akisema ni uongo, basi amemdanganya malkia wakati wa vita, na mtu wa namna hiyo hutupwa nje ya ukuta, mikononi mwa Kitoka. Maji yalikuwa shingoni, na shingo zilikuwa mbili.

"Kaka," Mishi akanong'ona, "tangu utotoni unauza maneno. Leo nunua."

Shakombo akalinyanyua bakuli, akaunywa mchuzi hadi tone la mwisho. Kwa mtu aliyeshinda na njaa siku mbili, ushujaa huo ulikuwa na ladha nzuri. Akabeua.

"Tungoje," akasema Waziri. "Ziko sumu zinazotembea polepole."

Wakangoja hadi alasiri, jambia likiwa shingoni mwa Mishi. Shakombo hakufa.

"Leteni bakuli la samawati la Uajemi," akasema, "na maji matupu, yachemke."

Yakamiminwa. Ti! Bakuli la pili likapata ufa wake.

"Mwana, chombo cha namna hii ni udongo uliovishwa ngozi ya kioo. Mchina huuchoma kwa moto mkali hadi mwili na ngozi vishikane. Udongo wa Mwajemi ni laini, ngozi yake nene. Lakini chochote kikimwagiwa kitu cha moto ghafla, ngozi hushtuka. Baba alinifundisha hivyo. Mimi nikasema yale ya sumu kwa sababu yanauza zaidi."

"Mwachieni mpishi," akasema Mwana Hidaya. "Na huyu asitupwe nje. Aliniahidi bakuli linalotambua sumu, nami nalitaka. Shakombo, tangu leo bakuli ni wewe. Ukipasuka, tutajua."

Akafungwa mnyororo mguuni, kando ya mkeka wa malkia, akionja kila sahani kabla yake.

"Leo nimetia pilipili," Mishi alikuwa akimwambia. "Usitoe machozi, kaka, watanichinja."

Mvua zilipokuja, Kitoka wakakunja kambi wakaenda zao. Shakombo aliyasikia makomeo ya lango yakifunguliwa na watu wakikimbilia mashambani wakipiga vigelegele. Akautazama mguu wake. Hakuna aliyekuja na ufunguo. Alionja miaka ishirini na miwili, hadi malkia alipokufa, kwa uzee.

Mwashi akalipachika bakuli la kijani kwenye nguzo ya kaburi la malkia. Wapitao huugusa ule ufa na kusimuliana jinsi bakuli lilivyotambua sumu likamwokoa malkia. Kaburi la Shakombo halijulikani lilipo. Uongo wake ndio uliojengewa nguzo.