Kifuniko cha Kidole Kimoja

Seremala alikuwa na jambo moja la kujivunia. Masanduku yake hayakuwa na msumari wala skrubu. Kifuniko kiliteleza kwenye mkato wake na kufunguka kwa kidole kimoja. Kila mteja lazima aonyeshwe. Mke wake alizoea kumtania kwamba wezi wote wa mjini wanamwombea maisha marefu.

Binti yao, waliyempa jina la utani Kifaranga, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kazi yake ilikuwa kugonga masufuria tangu asubuhi. Mama yake masikio yalimuuma. Basi seremala akamtengenezea kinanda: kisanduku cha mbao chenye vitufe vinne, kila kitufe na sauti yake. Waya na spika alipewa na jirani yao, fundi wa redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Waya. Betri alinunua mwenyewe. Alichagua tatu ndogo za mviringo, kama zile za saa ya mkononi, ili kisanduku kisiwe kinene. Akazifunika kwa kifuniko chake cha kuteleza.

Masufuria yakapumzika.

Siku ya tatu muziki ulinyamaza ghafla. Mama alikwenda kutazama. Kifaranga ameketi sakafuni, kifuniko kiko wazi, betri mbili ziko mbele yake. Ya tatu haipo.

Seremala alianza kuinua viti na kutazama chini ya kabati. Bi Waya alisikia kelele akaja. Alipoambiwa betri moja imepotea, hakuinama kutafuta.

"Acheni viti," alisema. "Mbebeni mtoto twende hospitali sasa hivi."

"Mbona anacheka?" seremala aliuliza. "Hata kukohoa hakohoi."

"Anaweza kucheka na huku inamchoma. Betri hii ikikwama kooni, saa mbili tu zinatosha kumuumiza vibaya. Msimtapishe. Msimpe chakula wala maji. Daktari atampiga picha aone iko wapi."

Mama alikimbilia viatu. Seremala alimwinua mtoto. Kitu kikaanguka kutoka mfukoni mwa gauni la mtoto na kulia sakafuni. Ilikuwa betri ya tatu.

Bi Waya alizihesabu mara mbili. Zote zilikuwepo. Seremala aliketi pale pale chini, akamkumbatia binti yake, akalia bila kuona haya.

Bi Waya alipoona wametulia, aliokota kisanduku.

"Kifuniko hiki nani alikitengeneza?"

"Mimi," seremala alijibu kwa mazoea. "Kinafunguka kwa kidole kimoja."

"Kidole cha nani?"

Seremala alivitazama vidole vya binti yake.

Mchana huo walikaa karakanani. Bi Waya alimwonyesha betri tatu nene, kama zile za rimoti. Nguvu ni ile ile, tena zinadumu zaidi, na mtoto hawezi kuzimeza kirahisi. Zile ndogo alizizungushia utepe wa gundi, akaziweka juu kabisa ili azirudishe dukani. Alimwambia avute kila kitufe kwa nguvu zake zote: kisipong'oka kwa seremala, hakitang'oka kwa Kifaranga. Spika waliifunika kwa kipande cha sponji, maana sikio la mtoto halitaki makelele. Pembe zikapigwa msasa.

Likabaki suala la kifuniko. Seremala alikitazama kisanduku chake, sasa kinene kama tofali, akavuta pumzi. Kisha akaazima bisibisi ya Bi Waya na kukaza skrubu mbili, za kwanza maishani mwake.

Kifaranga alipokabidhiwa kinanda chake, alikwenda moja kwa moja kwenye kifuniko. Alivuta. Aliuma. Mwisho alikikalia kabisa. Kifuniko hakikusogea hata kidogo. Akachoka, akabonyeza kitufe, akacheka.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alikiona kile kisanduku mezani. Alishangaa. Akauliza tangu lini fundi huyu anatumia skrubu.

Seremala alimpa akishike.

"Jaribu kukifungua," alisema, na kifua kikamtanuka kama zamani.