Transista ya Bi Kulthum

Yaliyompata ndugu yangu Faki niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Kisauni, mwaka ule wa Uhuru, kwa hivyo asije mtu akaniambia nimesimuliwa. Ilikuwa Jumatano ya kawaida. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi, na Faki yuko barazani anazitukana nyaya.

Faki alikuwa fundi wa redio, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gitaa. Baharia mmoja alimsikilizisha sahani ya santuri ambamo gitaa linanguruma badala ya kulia, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikupata raha. Alitaka kuunda kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, ukikikanyaga gitaa lingurume vile vile. Kefa, karani wa bandarini aliyekuwa mkuu wa bendi ya dansi, alimwahidi kwamba kisanduku kikifanya kazi kufikia Jumamosi, Faki ndiye atakayepiga gitaa kwenye dansi za Uhuru. Kikishindwa, nafasi ni ya Nicanor wa Changamwe. Faki alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka sita.

Kisanduku kilitaka transista mbili, vile vidude vidogo vya kukuza sauti. Moja alikuwa nayo. Ya pili, wallahi, ilitutoa roho. Maduka yote ya kisiwani yalimwambia angoje meli, na meli ikaja na pasi na taa za mkono. Akajaribu vali, ile taa ya kioo ya ndani ya redio kuukuu. Ikanyonya betri ya gari, ikavuma kama nyuki, ikafa. Akachokoa kipande cha kristali kwenye redio nyingine, hicho hata kuvuma hakikuvuma. Mwisho akawa ananitazama mimi, utadhani nimemfichia transista kwenye mtungi wa maji.

"Dada Mastura," akaniambia, "kile kifaa cha masikio cha Bi Kulthum kina transista ndani."

Bi Kulthum alikuwa jirani yetu, tumetenganishwa na ua tu, kiziwi wa miaka kumi. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi melini alimletea kifaa hicho: kisanduku kidogo cha kuning'iniza kifuani, chenye waya wa kwenda sikioni. Hata hivyo ukimwambia neno lazima aulize, "Wasemaje?" Mara tatu, mara nne. Alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita.

"Arubaini yake haijafika," nikasema.

"Jumamosi yangu ndiyo inafika."

Nilikuwa nimechoshwa na manung'uniko yake. Nikavuka ua, nikamwomba bintiye marehemu, Salme. Akakitoa kabatini, akakishika kidogo kabla ya kunipa.

"Mwambie akitunze," akasema. "Bila hiki mama alikuwa peke yake."

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, Faki alimaliza kulehemu transista ile ndani ya kisanduku chake. Kefa alikuja kusikiliza. Faki akakanyaga, akapiga uzi mmoja. Gitaa likalia mlio wake wa siku zote. Lilipotulia, kwenye spika pakatoka sauti ndogo.

"Wasemaje?"

Kefa akacheka. "Umenasa stesheni, bwana."

Mimi sikucheka. Niliijua sauti ile, na ile pumzi ya pumu iliyoitangulia.

Faki akakaza skrubu, akapiga tena.

"Wasemaje, mwanangu? Siskii."

"Faki, zima," nikanong'ona.

"Sizimi!" Jasho lilikuwa likimchuruzika. "Kila nikikaribia, kitu chaharibika! Kila nikikaribia!"

Akapiga nyuzi zote kwa nguvu.

"Siskii."

Akapiga tena.

"Siskii."

Hapo ndugu yangu alitamka neno ambalo nadhani kila mmoja wetu amewahi kulitamka mbele ya kiziwi. Aliinamia spika, akafoka:

"Huskii, huskii! Sasa n'kupe masikio yangu?"

Nikasikia pumzi ikivutwa ndani ya spika.

"Nipe."

"Haya, chukua!"

Nilimrukia kumziba mdomo. Nilichelewa.

Faki alinisukuma kando, akapiga uzi. Gitaa likanguruma. Lilinguruma zito, la kukwaruza, mpaka vikombe vikatetemeka mezani. Kefa akasimama, akapiga makofi.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo yenyewe! Jumamosi ni wewe!"

Faki hakumtazama. Akapiga tena, likanguruma tena. Akazungusha kitufe. Akakigonga kisanduku kwa ngumi. Kisha akanigeukia, uso umemvimba kwa ghadhabu.

"Mbona hakilii?" akauliza.

Daktari alimmulika masikio, akasema ni mazima, hayana kasoro yoyote. Tuliing'oa transista, tukamrudishia Salme kila kitu. Haikusaidia. Dansi za Uhuru alizipiga Nicanor. Nilimkasirikia Faki, nikazikasirikia meli na maduka, na zaidi nikajikasirikia mimi niliyevuka ua kwenda kuomba.

Siku ya arubaini, asubuhi, Salme alikuja kwangu mbio, hata buibui hakuvaa.

"Mastura," akanong'ona, "miaka kumi nilimpigia mama kelele mpaka koo lanikauka. Sasa hivi nilikuwa chumbani mwake, nakunja kanga zake za kutoa sadaka. Nikasema polepole, 'Mama.' Mara moja tu."

"Ikawaje?"

"Ameniitikia."

Faki alikuwa barazani, ametupa mgongo. Sijui nilitaka nini, labda aje tu asimame nami. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa sauti yangu yote, huku nalia.

Ng'ambo ya ua, kwenye chumba kile kisichokuwa na mtu, dirisha likafunguka kidogo.

"Usipige kelele, Mastura. Nasikia."