Soksi ya Chiriku

Jua lilipoanza kuzama nilifunga saluni, nikanawa mikono iliyokuwa inanuka dawa ya nywele, nikaenda kurekodi tangazo. Lilikuwa tangazo la kawaida tu: misuko ya kila aina, bei nafuu, karibuni wateja. Wenye maduka wengi mtaani kwetu wana la kwao, hulipiga kwenye spika kutwa nzima mpaka majirani wawachukie. Hakuna ambaye angeniuliza nakwenda wapi.

Ila ndani ya mkoba, chini ya taulo, nilikuwa nimebeba soksi ya marehemu mdogo wangu.

Acha niieleze hiyo soksi, maana bila yake hamtanielewa. Mdogo wangu alikuwa mwimbaji. Tangu utotoni hakujua kufunga mdomo, ndiyo maana mama akamwita Chiriku, na jina likamganda. Waimbaji huweka kitambaa chepesi mbele ya maiki ili pumzi isiipige na kuharibu sauti. Chiriku alijitengenezea cha kwake. Alikunja waya wa kutundikia nguo ukawa duara, akauvalisha soksi ndefu ya nailoni, akaikaza vizuri. Alikwenda nacho kila studio, kwa sababu vya watu, alisema, vinanuka midomo ya watu. Miezi yake ya mwisho alikuwa anakohoa sana. Kwenye ile nailoni yalibaki madoa matatu ya rangi ya kahawia, na mimi sikuyafua.

Sasa fundi wa kurekodi mwenyewe. Mtaani walimwita Masikio, kwa kuwa hedifoni hazikumtoka hata akienda kununua mkate. Studio yake ilikuwa chumbani kwake. Chiriku alitunga wimbo kwa ajili ya mama, akaenda kwa Masikio wiki sita, akaimba na kile kifua chake kibovu. Masikio akamwambia asubiri, atamwita wimbo ukiwa tayari. Hakumwita. Asubuhi moja Chiriku akiwa kitandani aliusikia wimbo wake kwenye redio ya jirani. Maneno yake. Hata pale anapovuta pumzi, palikuwa palepale. Lakini aliyeimba alikuwa mchumba wa Masikio.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akageukia ukutani. Baada ya wiki tatu tulimzika.

Msiba ulipokwisha nilikwenda kumwomba Masikio kitu kimoja tu, ile sauti ya mdogo wangu. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, picha hazimsaidii kitu. Nilitaka apate hata sauti ya mwanawe. Masikio alifungua mlango nusu, hedifoni shingoni, usoni hakunitazama.

"Nilishafuta, dada. Zile zilikuwa zinajaza nafasi tu."

Zinajaza nafasi. Mdogo wangu!

Watu walinishauri nisamehe ili nipone. Mimi sikutaka kupona, nilitaka aumie. Nikaenda kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke, ambaye mchana hushona sare za shule na kwa wanaomjua hushona na mengine. Wanamwita Shona-Fumua. Aliinusa ile soksi, akapitisha uzi mweusi pembeni mwake mara nne, midomo ikimchezacheza bila kutoa neno.

"Atakayesema mbele ya hii, sauti yake itamtoka," alisema. "Na ya marehemu itaamka itafute pa kukaa."

"Fundi huijaribu maiki mwenyewe kabla ya mteja," nikamwambia. "Ndiyo kazi yao."

"Basi mwache aijaribu. Wewe iweke, kaa kando, ufunge mdomo mpaka utoke. Unanisikia, mwanangu? Kuishona hii naweza. Kuifumua siwezi."

Nilimsikia. Kusikia si tatizo langu.

Jioni ile ya tangazo Masikio hakunikumbuka. Alinikaribisha kwa bashasha kama mteja yeyote. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, na dirishani aliegemeza godoro zima ili kelele za barabarani zisiingie. Alizima feni kwa sababu maiki huunasa mvumo wake. Joto lilinishika shingoni.

Nikatoa soksi mkobani. "Nimekuja na changu. Vya watu vinanuka midomo."

Aliicheka ile kauli, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Kuna mwingine alikuwa..." Hakumaliza. Akaifunga soksi mbele ya maiki na kuvaa hedifoni.

"Kwanza nachukua ukimya wa chumba," alisema. "Nusu dakika. Mashine ikishaujua ukimya wa hapa, inauondoa kwenye sauti yako, unabaki msafi. Usisogee."

Nikaketi pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kwenye kompyuta mstari wa sauti ulikwenda umenyooka. Hakuna aliyesema. Hakuna aliyesogea.

Mstari ukatikisika.

Kidogo tu. Ukatulia. Ukatikisika tena...

Masikio akakunja uso. Aliurudisha nyuma, akaufungulia kwenye spika ili na mimi nisikie. Mwanzo palikuwa na ukimya. Halafu pumzi, fupi, za mtu aliyepanda ngazi. Halafu kikohozi.

Nilikijua kile kikohozi. Nimelala nacho chumba kimoja miaka mingapi?

"Ni wewe?" alininong'oneza.

Nilitikisa kichwa. Hata mate sikuwa nimemeza.

Ndipo ikaja harufu. Mafuta ya mikaratusi, yale niliyokuwa nampaka Chiriku kifuani kila jioni. Yalikuwa mabichi, kana kwamba kuna mtu amefungua kichupa katikati yetu. Nywele zilinisisimka. Masikio naye aliinusa, nilimwona akigeuza kichwa huku na huku, lakini fundi ni fundi, yeye aliona kosa ni la mashine.

"Maiki hii itaniua," alisema, akainama mbele ya soksi. "Moja... mbili... ta..."

Mdomo wake ukaendelea kufunguka.

Sauti haikutoka.

Alikohoa, hakikusikika kikohozi. Akagonga maiki kwa ukucha, mlio ule ukasikika. Akapiga makofi, yakasikika. Akavuta pumzi, akapiga ukelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na kwenye kompyuta mstari ukalala kimya. Nilichosikia ni mlio wa mate mdomoni mwake.

Nilifurahi. Sitawadanganya.

Hapo ndipo ningeinuka nikaenda zangu. Lakini nilimtazama, nikaona anashangaa tu, anajishika koo, anatafuta maji. Hakujua ni nani aliyemfanyia wala kwa nini. Hasira ikanipanda upya. Mtu akikupiga gizani hujui umekosa nini, na mimi nilitaka ajue. Nilitaka alisikie neno lile ndani ya hedifoni zake, karibu kabisa na ubongo.

Nikaenda kwenye maiki, nikaweka midomo kwenye nailoni.

"Mimi ni dada yake Chiriku," nilisema. "Yule aliyekuwa anajaza nafasi."

Masikio alizing'oa hedifoni akazitupa. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga godoro. Mkono wake ulinyooka, unaonyesha koo langu. Kwenye spika maneno yangu yalijirudia yenyewe, hakuna aliyegusa kitu.

*Mimi ni dada yake Chiriku...*

Sauti ilikuwa ya Chiriku.

Sijui nilitokaje. Nakumbuka tu nilijikuta barabarani bila mkoba, nimeshika soksi, imetoboka katikati na kingo zake zina unyevunyevu. Niliongea peke yangu njia nzima ili nijisikie. Masikioni mwangu nilikuwa ni mimi yuleyule, sauti yangu nene ya kugombeza wateja. Nikajituliza kwamba ni mchezo wa mitambo.

Mama alikuwa kitandani, anakunja nguo kwa kupapasa.

"Mama, nimerudi."

Nguo ikamdondoka.

"Chiriku?"

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe! Nitaisahau vipi sauti niliyoizaa?" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mikono inanitafuta hewani. "Walinidanganya. Nilijua tu walinidanganya. Niimbie, mwanangu."

Mimi sijui kuimba. Kanisani, shuleni, popote pale walinipanga mstari wa nyuma na kuniomba nichezeshe midomo tu. Lakini nilipofungua kinywa wimbo ulitoka wote, na pumzi nilivuta palepale alipokuwa anavuta yeye. Usiku ule mama alimaliza chakula chake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Imekwisha miezi mitatu. Masikio alihama, wanasema anaongea na watu kwa kuandika kwenye daftari. Nilirudi kwa Shona-Fumua, akanifungia mlango kabla sijafika. Kwa nini sauti ya Chiriku haikukaa kwa yule fundi, mimi sijui. Labda koo lile lilimchukiza. Labda alikuwa ananingoja mimi. Wateja wangu wanasema siku hizi naongea vizuri, hawaelezi zaidi, ila wawili waliomjua Chiriku hawaji tena saluni.

Nimejaribu kumwambia mama ukweli. Nilimshika mikono nikamwambia, mama, Chiriku alikufa, mimi ni dada yake, yule mkubwa. Akaniziba mdomo na kunikemea nisijitabirie mabaya.

Jana jioni nilikuwa namchana nywele. Akanivuta karibu, akaninong'oneza kama mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili.

"Chiriku. Dada yako mbona haji kunisalimu?"

Kitana kilisimama mkononi mwangu. "Yupo, mama. Nimwite?"

Alifikiri kidogo. Akanipapasa shavu, polepole, kwa upendo ambao mimi sikuwahi kuonyeshwa.

"Hapana, mwache akae hukohuko. Yule moyo wake mgumu tangu mdogo. Wewe ukiwepo, mimi inanitosha."